Uwiano wa difu: Namba ndogo inayoamua pikapu itavuta tela gani

WANUNUZI wengi wa pikapu huuliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha zao: ukubwa wa injini, kama gari ni fowili, na linakula mafuta kiasi gani. Ni wachache wanaouliza namba iliyofichika ndani ya difu ya nyuma. Hasara ya kutouliza huonekana siku ya kwanza tela linapofungwa nyuma ya gari na barabara ikaanza kupanda.

Namba hiyo huandikwa kwa tarakimu tatu tu, kwa mfano 3.42, 3.73 au 4.10. Kwa sababu yake, pikapu mbili zenye injini moja na matairi ya aina moja zinaweza kuvuta mzigo ule ule kwenye mlima mmoja, moja ikafika juu bila taabu na nyingine ikasimama katikati huku rejeta ikitoa mvuke.

Nchini Marekani mnunuzi wa pikapu mpya huweza kuchagua namba hiyo anapoagiza gari. Kwa Afrika Mashariki mambo ni tofauti. Uchaguzi hufanywa na kiwanda, na pengine hubadilishwa tena na fundi wa mwenye gari wa kwanza, bila mnunuzi wa pili kuambiwa lolote. Ndiyo maana inafaa hesabu yake ieleweke.

Namba yenyewe ni nini

Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, kisha kwenye propela shafti hadi kwenye difu. Ndani ya difu mna gia ndogo iitwayo pinioni, inayozungushwa na propela shafti, pamoja na gia kubwa ya duara iitwayo krauni, inayopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Uwiano wa difu hupatikana kwa kugawa idadi ya meno ya krauni kwa idadi ya meno ya pinioni.

Krauni yenye meno 41 ikikutana na pinioni yenye meno 10, jibu ni 4.10. Krauni hiyo hiyo ya meno 41 ikifungwa na pinioni ya meno 11, jibu hushuka hadi 3.73. Difu ya 4.30, inayojulikana kwa mafundi wa Toyota, ina krauni ya meno 43 na pinioni ya meno 10.

Maana yake ni kwamba katika difu ya 4.10, propela shafti huzunguka mara nne na sehemu moja ya kumi ili gurudumu lizunguke mara moja. Ni kama mtu anayeng'oa jiwe kwa mtaimbo. Akishika mbali, jiwe huinuka kwa nguvu kidogo, lakini mkono wake husafiri mwendo mrefu. Namba kubwa ya difu huipa injini mshiko wa mbali; gurudumu hupata nguvu zaidi, lakini injini hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilometa.

Kutoka 3.42 hadi 4.10 ni ongezeko la karibu asilimia 20 la nguvu ya kuzungusha gurudumu, injini ikiwa ile ile na gia ikiwa ile ile. Kutoka 3.55 hadi 3.73 ni asilimia tano tu, tofauti ambayo dereva wa kawaida huenda asiihisi. Hapa wauzaji hupenda kutia chumvi.

Gharama ya nguvu hiyo huonekana kwenye mshale wa mizunguko ya injini. Chukua pikapu yenye tairi za 265/70R16, ambazo kipenyo chake ni takriban milimeta 777. Kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa, tairi hiyo huzunguka karibu mara 683 kwa dakika. Gari likiwa kwenye gia ambayo giaboksi haipunguzi wala kuongeza mzunguko, injini yenye difu ya 3.42 itazunguka takriban mara 2,330 kwa dakika, na yenye difu ya 4.10 takriban mara 2,800. Hiyo ni tofauti ya mizunguko karibu 470 kila dakika, kutwa nzima, hata gari likiwa tupu.

Kiwanda hupima vipi

Katika majedwali ya uzito wa kuvuta yanayotolewa na kampuni za Marekani, safu ya uwiano wa difu husimama peke yake. Gari lenye kabini ile ile, injini ile ile na magurudumu yale yale hupewa kikomo kimoja kwa difu ya namba ndogo na kikomo kingine kwa difu ya namba kubwa. Tofauti huweza kuvuka ratili 1,000, yaani zaidi ya kilo 450. Ram 1500, kwa mfano, imekuwa ikiuzwa kwa difu za 3.21, 3.55 na 3.92, na anayetaka kikomo cha juu kabisa cha kuvuta huelekezwa kwenye ile ya 3.92.

Kwa miaka mingi vikomo hivyo vilikuwa neno la kiwanda chenyewe. Kila kampuni ilipima kwa njia yake, na ilikuwa vigumu kujua tangazo la nani lilikuwa la kweli. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilichapisha kanuni inayoitwa J2807. Toyota ilikuwa ya kwanza kuifuata, kwa pikapu yake ya Tundra ya toleo la 2011. Kampuni kubwa za Marekani zilifuata baadaye, kufikia matoleo ya 2015.

Kanuni hiyo inastahili kuelezwa, kwa kuwa inaonyesha wazi kazi ya difu. Sehemu yake maarufu hufanyika katika jimbo la Arizona, kwenye mlima wa Davis Dam, katika barabara ya jimbo namba 68 inayopanda kutoka upande wa Bullhead City kwenda Golden Valley. Mpando huo una urefu wa takriban kilometa 18 na unainuka karibu mita 900. Joto la hewa lazima lisipungue nyuzi 38 za Selsiasi, na kiyoyozi kiwe kimewashwa hadi mwisho. Pikapu ya kawaida, ikiwa na tela la uzito kamili unaotangazwa, haitakiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa, yaani kilometa 64, na haitakiwi kuharibika kitu.

Sehemu nyingine ni fupi lakini ngumu zaidi kwa difu. Gari husimamishwa na tela lake kwenye mteremko wa asilimia 12, kisha hutakiwa kuondoka na kupanda kidogo mara tano ndani ya dakika tano. Baada ya hapo hufanya vivyo hivyo kwa kurudi nyuma. Tena, katika barabara tambarare, pikapu yenye gurudumu moja kila upande nyuma hutakiwa kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa kabla ya sekunde 30 kwisha.

Jaribio la mlimani hupima zaidi uwezo wa injini na wa kupoza. Lile la kuondoka kwenye mteremko ndilo linaloikamata difu yenye namba ndogo. Pikapu yaweza kuwa na nguvu farasi nyingi na bado ikashindwa kung'oka.

Giaboksi imebadilisha hesabu

Ushauri wa zamani ulikuwa mwepesi: anayevuta mzigo achukue 4.10, asiyevuta achukue 3.42 au chini yake. Ushauri huo ulifaa wakati giaboksi zilikuwa na gia tatu au nne. Leo unaweza kumpotosha mnunuzi, na bado unarudiwa na watu wanaojiita wajuzi.

Kinachong'oa gari ni uwiano wa difu ukizidishwa kwa uwiano wa gia ya kwanza. Pikapu nyingi za Chevrolet Silverado za miaka ya 2000 zilikuwa na giaboksi ya otomatiki ya gia nne, ambayo gia yake ya kwanza ni 3.06. Ikifungwa na difu ya 4.10, jumla ya uwiano ni takriban 12.5. Giaboksi ya gia sita iliyofuata ina gia ya kwanza ya 4.03, hivyo hata kwa difu ya 3.42 jumla yake ni karibu 13.8. Na giaboksi ya gia kumi iliyoanza kutumika kwenye Ford F-150 za toleo la 2017 ina gia ya kwanza ya 4.70. Kwa difu ya 3.55, jumla hufikia takriban 16.7.

Kwa maneno mengine, gari jipya lenye difu inayodharauliwa hung'oa mzigo kwa nguvu iliyozidishwa kwa theluthi moja zaidi kuliko gari la zamani lenye difu inayosifiwa. Kwenye gia ya mwisho, gari hilo jipya huzungusha injini takriban mara 1,540 kwa dakika likiwa kwenye kilometa 100 kwa saa, ilhali la zamani huzungusha karibu mara 1,960.

Hii haina maana kwamba difu haina kazi tena. Katika giaboksi yenye gia nyingi, difu ya namba kubwa bado huongeza kikomo cha kuvuta, na hupunguza ile tabia ya giaboksi kupanda na kushuka gia bila kutulia mlimani. Kila badiliko la gia huzalisha joto, na joto ndilo adui mkubwa wa giaboksi ya otomatiki.

Kwa mwenye gari la gia nne lenye 3.42 ambaye hana uwezo wa kubadili difu, kuna faraja katika hesabu. Gia ya nne ya giaboksi hiyo ina uwiano wa 0.70. Dereva akiizuia gari isiingie gia hiyo na kubaki kwenye ya tatu, injini itazunguka sawasawa na ambavyo ingezunguka kwenye gia ya nne kama difu ingekuwa ya 4.88. Kitufe kidogo kwenye mkono wa gia humpa barabarani kile ambacho wengine hulipia fundi. Asichoweza kukipata kwa kitufe ni nguvu ya kung'oka kutoka kusimama.

Anayehitaji namba kubwa

Mwenye kuvuta tela dogo mara mbili au tatu kwa mwaka, kwenye barabara tambarare, hana sababu ya kubeba adhabu ya mizunguko mingi siku nyingine zote. Mwenye kuvuta tani mbili na nusu au tatu kila wiki, hasa milimani, anaihitaji. Katikati ya hao wawili, 3.55 au 3.73 huwatosha watu wengi.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari nao huingia kwenye hesabu. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Katika handaki la Eisenhower jimboni Colorado, lililo takriban mita 3,400 juu ya bahari, injini hiyo huwa imepoteza karibu theluthi. Gari linalotoka Mombasa na kufika Nairobi, jiji lililo katika mwinuko wa karibu mita 1,700, huwa limepoteza takriban moja ya sita. Difu yenye namba kubwa hairudishi nguvu hiyo, lakini huiwezesha injini kuzunguka pale ilipo na nguvu nyingi iliyobaki. Injini yenye tabo huathirika kidogo zaidi ya kutoathirika kabisa.

Dizeli kubwa nazo zina hesabu zao. Kwa kuwa hutoa nguvu nyingi ya kuzungusha zikiwa kwenye mizunguko michache, hukubali difu za namba ndogo. Pikapu nzito za Ram zenye injini ya Cummins zimeuzwa kwa difu za 3.42, 3.73 na 4.10, na hata ile ya 3.42 huvuta mizigo ambayo pikapu ya petroli haiwezi kuisogeza.

Kuhusu mafuta, imani kwamba namba kubwa daima hula zaidi ni kweli kwa gari tupu kwenye barabara kuu. Kwa gari linalovuta si lazima iwe hivyo. Injini iliyolemewa, inayokanyagwa hadi sakafuni ili ivute kwa mizunguko michache, nayo hula.

Kushuka nako ni safari. Dereva aliyeteremka mlima Kitonga katika barabara ya Morogoro hadi Iringa akiwa na mzigo anajua kuwa breki za miguu peke yake hazitoshi. Difu yenye namba kubwa huongeza uwezo wa injini kuzuia gari kwenye gia ile ile. Hata hivyo, haiwi mbadala wa breki za tela lenyewe. Aidha haiongezi uzito ambao fremu, springi na tairi za nyuma zinaweza kubeba. Tela la kawaida hukandamiza ndoano ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na uzito huo huhesabiwa kama mzigo uliomo ndani ya gari.

Matairi hubadilisha difu bila kuifungua

Wako wenye magari wanaofunga matairi makubwa kwa ajili ya sura, kisha wakalalamika kuwa gari limekuwa zito. Tairi za 265/70R16 zikitolewa na kufungwa za 285/75R16, kipenyo huongezeka kwa asilimia saba. Difu ya 4.10 hufanya kazi kama vile ni ya 3.82. Spidomita nayo hudanganya: ikionyesha kilometa 100 kwa saa, gari huwa linakwenda takriban 107.

Difu ya mtumba na fowili

Hapa ndipo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Difu ya nyuma inapovunjika, fundi hutafuta nyingine iliyotoka kwenye gari lililochinjwa. Hutazamwa kama inaingia, kama hailii na kama haina mwanya kwenye meno. Meno yenyewe hayahesabiwi.

Kwa gari la kuvuta magurudumu ya nyuma pekee, kosa hilo huleta usumbufu tu: spidomita isiyosema kweli, mwendo uliobadilika, unywaji wa mafuta usioeleweka. Kwa gari la fowili ni jambo jingine kabisa. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Ikiwa ya mbele imebaki 4.10 na ya nyuma imekuwa 3.73, kwa mizunguko ile ile ya propela shafti magurudumu ya nyuma hutaka kwenda mita 100 wakati ya mbele yanataka kwenda mita 91. Mita tisa zinazobaki lazima zilipwe na kitu fulani. Kwenye tope tairi huteleza na kulipa. Kwenye lami kavu hulipa giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, au propela shafti, au difu yenyewe.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba hukaa kimya. Katika pikapu ambayo fowili huingizwa kwa mkono, gari hutembea miezi mingi mjini kwa magurudumu ya nyuma bila dalili yoyote. Hujitokeza siku ya mvua, mbali na gereji, dereva anapoingiza fowili akiwa na mzigo. Katika gari ambalo fowili hufanya kazi wakati wote, difu ya kati huanza kusagika tangu siku ya kwanza.

Jinsi ya kuijua

Pikapu za Ford huandika alama ya ekseli kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kwa F-150 za miaka ya karibuni, 19 humaanisha 3.55 na 26 humaanisha 3.73; herufi L ikitangulia, kama L9 au L6, difu ina loki ya umeme. General Motors ilitumia kibandiko chenye alama nyingi, ambacho kwa miaka mingi kilikaa ndani ya droo ya dashibodi: GU6 ni 3.42, GT4 ni 3.73, GT5 ni 4.10, na G80 ni difu inayojifunga. Toyota huandika alama ya ekseli kwenye kibati cha gari. Kwa kawaida herufi ya kwanza huonyesha ukubwa wa krauni, tarakimu mbili zinazofuata uwiano, na ya mwisho idadi ya gia ndogo zilizo ndani ya difu.

Kibandiko, hata hivyo, husema kilichofungwa kiwandani, si kilichomo leo. Njia ya hakika ni kuhesabu. Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe, gia iwe huru na breki ya mkono iachiwe. Gurudumu moja la nyuma linyanyuliwe kwa jeki na kuwekewa stendi imara, na propela shafti itiwe alama ya chaki. Kwa difu isiyo na loki, gurudumu lililonyanyuliwa likizungushwa mara mbili kamili huku la upande wa pili limetulia chini, idadi ya mizunguko ya propela shafti ndiyo uwiano wa difu. Kwa kuwa jicho haliwezi kutenganisha 3.42 na 3.55 kwa mzunguko mmoja, ni afadhali gurudumu lizungushwe mara 20. Ya kwanza itatoa mizunguko 34 na kidogo, ya pili 35 na nusu. Kwa fowili, kazi hiyo irudiwe mbele.

Anayeamua kubadili difu ajue kuwa krauni na pinioni hununuliwa pamoja, zikiwa zimesagwa pamoja kiwandani. Kuzifunga kunadai shimu za unene sahihi, kupima mwanya kati ya meno, na kupaka meno rangi ili kuona yanagusana wapi. Fundi asiye na kipimo cha mwanya akikadiria kwa mkono, difu italia ndani ya muda mfupi. Katika gari la fowili gharama huwa mara mbili, kwa sababu ya mbele nayo lazima ibadilishwe siku hiyo hiyo, na kwa gari la kisasa kompyuta yake huhitaji kuelezwa namba mpya ili spidomita na giaboksi zifanye kazi sawasawa.

Meno mapya hupata joto kali mwanzoni yanapozoeana. Vitabu vya magari ya General Motors huzuia kuvuta tela katika kilometa 800 za kwanza za gari jipya, na mafundi wengi hutumia kiasi hicho hicho kwa difu iliyofungwa upya, kisha humwaga oili ya kwanza na kutia nyingine.